Aliyehama na Chakula Chake

Mtu akihamia nchi ya mbali, macho yake huanza kutafuta majina anayoyajua. Marekani kuna kampuni ya Chipotle, iliyoanza Denver mwaka 1993 kwa kuuza burito: chapati laini ya ngano iliyokunjwa na kubeba wali, maharage, nyama, pilipili na jibini. Mwaka 2024 mgahawa wa jina hilo ulifunguliwa Kuwait, na Mmarekani aliyehamia huko kikazi anaweza sasa kuingia, kuagiza alichozoea kwao, na kukitafuna huku akijiuliza kama ni chenyewe. Nguruwe hayumo, na aliyekipika huenda hajawahi kuiona Denver hata kwa picha. Swali lake linaonekana dogo, la tumbo tu. Lakini mji wetu wa Kahama, Tanzania, unalijibu kila siku bila kulitamka, kwa sababu tangu mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uanze uzalishaji mwaka 2001 na ule wa Buzwagi mwaka 2009, mji huu umejaa watu waliotoka kwingine: Wahaya wanaotafuta ndizi, Wanyakyusa wanaoupima mchele wetu kwa mchele wa Kyela, Wachaga, Wakurya, wataalamu kutoka ng'ambo. Kila mmoja amekuja na chakula chake kichwani. Je, ana haki ya kukikuta mezani? Na akikikuta, ni kilekile kwa maana gani?

Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, na wanafalsafa wakabishana kama meli iliyosalimika ni ileile. Katika ubishi huo wote, kilichotazamwa ni mbao na umbo. Aliyekata mti, aliyelipwa na aliyenyimwa kazi hawakuingia kwenye hesabu. Kwa chakula hesabu hiyo haikwepeki, maana chakula huisha kila siku, na kila siku lazima mtu alime, mwingine auze, mwingine apike. Hoja yangu ni kwamba chakula kilichohama hubaki hai na hubaki chenyewe pale kinapoingia mikononi mwa watu wa kilikofika, wakawa na ruhusa ya kukijenga kwa mazao yao na kwa akili yao. Kile kinacholetwa kimefungwa, kisichomhitaji mwenyeji kwa lolote isipokuwa fedha yake, kinaweza kulinda ladha hadi chembe ya mwisho na bado kikawa hakijafika. Kwa hiyo aliyehama anaweza kudai kwa haki ashibe, aheshimiwe, aambiwe ukweli wa anachokila, na asilazimishwe kuvunja dini yake. Ladha ileile haimo katika madai hayo.

Tuanze na burito yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayodaiwa isibadilike. Ngano haikuwapo Meksiko kabla ya Wahispania kufika mwanzoni mwa karne ya 16. Ng'ombe hawakuwapo, jibini haikuwapo, mchele haukuwapo. Vya wenyeji humo ni maharage, pilipili, nyanya na parachichi. Watu wa kaskazini ya Meksiko walipokea nafaka ya mgeni, wakaikanda kama walivyozoea kuukanda unga wa mahindi, na kikazaliwa chakula ambacho leo Mmarekani anakililia akiwa Kuwait kana kwamba kimeandikwa kwenye jiwe. Sisi nasi tuna deni kwa nchi hiyo hiyo. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa Afrika na Wareno, yakachukua muda mrefu kupenya bara. Usukuma na Unyamwezi zilikula ugali wa mtama na uwele kwa vizazi vingi kabla ya mahindi na muhogo kushika nafasi. Hakuna mzee wa Kahama anayeusonga ugali wa sembe akidhani anapika chakula cha kigeni, na hakosei. Mahindi yalipoteza karibu kila alichokuwa akiyafanyia mkulima wa Meksiko: hatuyachemshi kwa chokaa, hatupiki chapati zake. Yaliingia katika sufuria iliyokuwapo, yakafuata mwiko uliokuwapo, yakasogezwa karibu na mlenda, dagaa na mtindi. Yalifika kwa sababu yalikubali kusongwa.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya karne nyingi, na kwamba maisha ya sasa ya haraka yanahitaji kampuni yenye kanuni moja, aangalie kibanda cha chipsi. Kahama haihitaji kampuni kutoka nje ili mgeni akute chakula cha haraka anachokijua. Kabati la kioo liko barabarani, chipsi zilizokaangwa nusu zimelundikwa ndani, mishikaki imepangwa pembeni. Mteja akiagiza zege, muuzaji hurudisha chipsi kwenye karai zichangamke, hupiga mayai mawili kwenye bakuli na chumvi, huzitandaza chipsi kwenye kikaango juu ya mkaa na kumwagia mayai. Kingo zikishaanza kushika, hufunika kwa sahani, hugeuza kwa mkono mmoja, hurudisha upande wa pili. Kisha kachumbari, tomato, pilipili na kijiti cha kulia. Kijana aliyetoka Mbeya, Tanga au Kigoma anakijua chakula hiki kabla hajakaa kwenye benchi. Hakuna makao makuu yaliyotuma maelekezo, hakuna mkaguzi, hakuna mkataba unaosema viazi vitoke kwa nani. Viazi vyenyewe mara nyingi vimesafiri kutoka Nyanda za Juu Kusini, mafuta yamepatikana popote yalipopatikana, kachumbari ni ya kabichi hapa na ya nyanya pale. Na bado hakuna anayelalamika kwamba zege ya Kahama ni ya bandia. Kinachoshikilia ufanano ni desturi ambayo kila mpishi anaimiliki sawa na mwenzake. Ndiyo maana inaweza kubadilika bila kuvunjika, na ndiyo maana anayeanza leo kwa karai moja haombi ruhusa kwa mtu.

Weka kando ya hilo yaliyotokea Kenya mwezi Januari 2022. Migahawa ya KFC, iliyoingia nchini humo mwaka 2011, iliishiwa chipsi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuchelewa kwa shehena ya viazi kutoka nje, wakati wa misukosuko ya meli iliyoletwa na janga la korona. Wakenya wengi waliposikia hivyo walihoji jambo moja: kaunti ya Nyandarua inalima viazi kwa wingi, wakulima wake mara nyingi wanahangaika na soko, na hapo Nairobi kampuni inasubiri meli? Jibu la kampuni lilikuwa kwamba kila mgavi lazima apitishwe kwa vigezo vyake vya ubora vya dunia nzima. Baada ya hasira za umma ilieleza kwamba ingetafuta wagavi wa ndani. Tukio hili linafundisha kuliko nadharia nyingi, kwa sababu linaonyesha ufanano wa ladha unalipwa na nani. Mlaji wa Nairobi alipata kipande cha kiazi kinachofanana na cha mji mwingine wowote, na mkulima wa Nyandarua ndiye aliyebebeshwa gharama ya kubaki nje ya mlango. Chakula kilikuwa kimekaa Kenya zaidi ya miaka kumi bila kuhitaji kiazi cha Kenya. Kwa kipimo changu, kilikuwa bado bandarini.

Dini zilikutana na tatizo hili mapema kuliko kampuni, kwa sababu waumini walihama mapema kuliko bidhaa. Zaka ya fitri ni mfano ulio wazi. Katika Hadithi ya Abu Said al-Khudri, Masahaba walikuwa wakitoa pishi moja ya chakula, au ya shayiri, au ya tende, au ya zabibu kavu, au ya jibini kavu. Hivyo vilikuwa vyakula vya Madina. Uislamu ulipovuka kwenda nchi ambako shayiri haimjui mtu na mtu haijui shayiri, wanazuoni walilazimika kuchagua. Wangeweza kusema kila Mwislamu duniani aagize shayiri, ibada ibaki kama ilivyokuwa. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki, yaliamua kwamba pishi itolewe katika chakula kinacholiwa zaidi na watu wa mji husika. Kwa hiyo mwisho wa Ramadhani, Mwislamu wa Kahama anapima mchele au mahindi, na wajibu wake unatimia kama ulivyotimia wa yule wa Madina aliyetoa tende. Inafaa kukumbuka kwamba Imam Shafii mwenyewe alihama Iraq akafia Misri mwaka 820, na wafuasi wake wanatofautisha mpaka leo kati ya kauli zake za kale na zile mpya alizozitoa baada ya kuhama. Tazama kilichoshikwa na kilichoachiwa. Kipimo kimeshikwa, wakati umeshikwa, mwenye njaa ameshikwa. Punje imeachiwa nchi. Na sababu yake ni ya huruma: maskini wa mji huu anajua kupika kinachopikwa mji huu, na siku ya Idi si siku ya kumpa kitendawili cha shayiri.

Hapa najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Kanisa Katoliki halikufuata njia hiyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu na divai iwe ya mzabibu. Padre Jean-Marc Ela wa Kamerun, aliyeishi na wakulima maskini wa kaskazini ya nchi yake, aliuliza kwa uchungu inakuwaje watu wanaolima uwele watakiwe kumwabudu Mungu kwa nafaka wasiyoilima. Liturujia ya Zaire ilipokubaliwa na Roma mwaka 1988 ilipokea ngoma, mwendo wa kucheza na kuwaita mababu, lakini ngano na zabibu zikabaki palepale. Basi, je, si kweli kwamba kuna vyakula ambavyo kuvibadilisha ni kuviua? Nakubali kwamba vipo. Imani inaweza kufunga kitu kwenye tukio moja la kihistoria, karamu moja, usiku mmoja, na asiyeamini hana mamlaka ya kuifungua. Lakini angalia Wakatoliki wa Tanzania walifanya nini na sharti hilo. Wamisionari walipanda mizabibu Dodoma. Ardhi kame ya Wagogo ikaonekana kufaa, wakulima wa kawaida wakaingia, na leo zabibu ni zao la biashara la mkoa huo na mvinyo wa Dodoma unanywewa hata na wasiojua njia ya kanisani. Hata pale ambapo kitu kilitakiwa kisibadilike kabisa, mche ulivuka na kutia mizizi. Sharti kali halikuzuia kufika. Kilichohitajika ni kwamba mwenyeji aruhusiwe kulitimiza kwa jembe lake. Swali la Ela halijaisha kwa hilo, na sidhani kwamba mzabibu wa Dodoma unamjibu mkulima wa uwele wa Kamerun. Unachoonyesha ni kwamba kushika sharti na kumfungia mwenyeji mlango ni mambo mawili tofauti.

Pingamizi la pili ni la usalama, na wanaolitoa wana hoja. Mama lishe anaweza kuosha sahani kumi kwa ndoo moja ya maji. Kipindupindu kimepita katika miji yetu zaidi ya mara moja. Mwislamu aliye ugenini anataka kujua nani amechinja, na mwenye mzio wa karanga anataka kujua nini kimo ndani ya mchuzi. Jina kubwa linampa uhakika ambao kibanda hakimpi. Lakini jina kubwa ni ahadi ya kujitahidi, si kinga. Chipotle hiyo hiyo ilikumbwa na milipuko ya maradhi ya tumbo nchini Marekani kuanzia mwaka 2015, na mwaka 2020 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 25 kwa makosa ya usalama wa chakula. Usafi ni kazi ya maji, sabuni, ukaguzi na mtu kujali, na vyote hivyo vinaweza kudaiwa kwa mpishi anayenunua kiazi cha Njombe. Kuchanganya usafi na asili ya kiazi kunaipa kampuni heshima isiyo yake na kumpa mkulima fedheha isiyo yake.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi kuliko yote. Litasemwa kwamba nazungumza habari za wakulima na mikataba wakati aliyehama anazungumza habari za moyo. Mtu aliyepoteza lugha ya mtaani, salamu za asubuhi na makaburi ya wazazi wake, anaomba sahani moja tu iliyo kama ya kwao, na mimi namwambia hana haki nayo? Kumbukumbu hukaa ulimini, na Msukuma aliyehamia Dar es Salaam anayetafuna matobolwa kwa chai anapata humo mengi kuliko kushiba. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka kama kuni ndogo. Asiyevijua atadhani ni adhabu, na anayevijua ananyamaza kwanza ndipo aseme. Sina neno la kupunguza thamani ya jambo hilo. Ninachotofautisha ni kubeba na kudai. Matobolwa huenda Dar es Salaam ndani ya mfuko, kwa basi, kwa gharama ya anayeyatamani, na mwanamke wa kijijini aliyeanika analipwa au anashukuriwa kwa jina. Hamu hiyo haimzuii mtu yeyote wa Temeke kuuza alichonacho. Hamu ikipata nguvu ya kuamuru, ikasema mji mzima uniagizie ninachokijua kwa sababu mimi ni mteja mwenye fedha, hapo imeacha kuwa kumbukumbu na imekuwa utawala. Tena mwenye hamu anajidanganya kwamba kampuni itamrudishia alichopoteza. Burito ya Kuwait ikifanana na ya Denver kwa kila kitu, bado haitakuwa na Denver ndani yake.

Na hapa tofauti kati ya waliohama ni kubwa, ingawa tunapenda kuwaita wote wageni. Kijana aliyetoka Kibondo kuja kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Geita, anakula anachokikuta, na akikosa nauli ya kurudi kwao ataendelea kukila mpaka kiwe chake. Mgodi mkubwa wenye kambi, jiko na stoo ya baridi una uwezo ambao kijana huyo hana: unaweza kuamua kitakacholiwa na eneo zima. Ndiyo maana Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika shughuli za madini, zinazotaka wenye leseni watangulize bidhaa na huduma za hapa nchini, naziona kuwa hati ya kifalsafa pia, hata kama waliozitunga walifikiria kodi na ajira. Zinasema kwamba anayekuja na nguvu ndiye anayepaswa kubadilika zaidi mezani. Mkulima wa nyanya wa Msalala, hapa jirani, akiingia katika orodha ya wagavi, mgodi unaanza kuwa Kahama. Akibaki nje, wataalamu wanaweza kukaa miaka ishirini wakila vizuri sana mahali ambapo hawajafika.

Limebaki pingamizi ambalo mtu makini wa Kahama ndiye atakayelitoa, kwa kuwa linatupiga sisi wenyewe. Mji huu unaishi kwa kusafirisha chakula. Mpunga wa majaruba ya Ushetu na Msalala hukobolewa kwenye mashine zetu na magunia hupakiwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Kama kosa la kiazi cha KFC ni kuvuka mpaka, basi gunia letu lina kosa hilo hilo, na mkulima wa mpunga wa Rwanda ana haki ya kutuuliza tulichomwuliza muuza chipsi wa Nairobi. Nalipokea swali hilo, na linanilazimisha kuinyoosha hoja. Kuvuka mpaka si kosa. Viazi vya kibandani kwetu navyo vimesafiri mikoa kadhaa. Tofauti iko katika kile ambacho mpishi anaweza kufanya baada ya mzigo kushuka. Mchele wa Kahama unafika Kigali ukiwa mchele tu. Mpishi wa huko anaupika anavyotaka, anauchanganya na maharage yake, na mwezi ujao akiona wa nchini mwake una bei nzuri au umenyooka zaidi ataununua huo bila kumwandikia mtu barua. Muuzaji wetu anajua hivyo, na ndiyo maana anajitahidi mchele usiwe na mawe. Siku tutakapopata nguvu ya kuwafunga wapishi wa Kigali kwa mkataba wanunue kwetu tu, hata kama jirani yao amevuna, swali la Nyandarua litakuwa limehamia kwetu. Na kuna wafanyabiashara ambao wangeisaini hati hiyo kesho asubuhi.